Kifuniko cha Pipa la Mkaratusi

"Sema tena," alisema Inspekta Mwamvita Hiza. "Na safari hii sema kama unamweleza mtu ambaye hajawahi kushika spana."

Klara alikaa wima kwenye benchi la chumba cha mahojiano, mikono juu ya meza, kucha zake bado nyeusi kwa grisi. Usiku mmoja wa mahabusu ulikuwa umemkunja nguo, ukali wa macho ukabaki vilevile.

"Kile kifuniko hakiwezi kuanguka, afande."

"Kimeanguka."

"Najua kimeanguka. Ninachosema ni kwamba hakiwezi."

Mwamvita alijikaza shali shingoni. Alikuwa mtu wa Muheza, na miaka yote aliyofanya kazi Lushoto haikumsaidia kuizoea baridi ya Julai. Katika chumba hiki alishakaa na wezi wa mbao, matapeli wa viwanja, na mume mmoja aliyedai mkewe alijipiga mwenyewe. Wote walianza kwa kujitetea wao. Huyu alikuwa anakitetea chuma, na jambo hilo lilimkera Mwamvita kwa sababu lilimfanya atake kumsikiliza.

Mambo yenyewe yalikuwa machache. Jana mchana, katika kiwanda kidogo cha mafuta ya mkaratusi kilicho mteremkoni juu ya Soni, kijana aitwaye Rubeni aliinama ndani ya pipa la mvuke ili akokoe majani yaliyokwisha kuchemshwa. Kifuniko cha pipa, chuma kizito cha kubebwa na wanaume wanne, kikamshukia shingoni. Hakupiga hata kelele. Kifuniko hicho kilikuwa kinashikiliwa na springi mbili za gesi, moja kila upande, zilizobuniwa na kutengenezwa na Klara katika karakana yake pale Soni. Kabla jua halijazama, baba yake Rubeni, mzee Emanueli, ambaye ndiye pia msimamizi wa kiwanda, alisimama mbele ya watu akasema vyuma vya kuungaunga vya Klara vimemuua mwanawe. Soni nzima iliona hapo kesi imekwisha. Mkuu wa Mwamvita naye aliona hivyo hivyo: kesho saa tatu Klara apandishwe kizimbani kwa kusababisha kifo kwa uzembe. Na kesho hiyohiyo Rubeni azikwe.

"Haya," alisema Mwamvita. "Nifundishe hiyo springi."

"Umewahi kuona buti ya gari inayojiinua yenyewe? Ile fimbo inayoinyanyua, watu wanaiita shokapu. Ndani ni bomba lenye gesi iliyobanwa. Gesi inasukuma fimbo, fimbo inasukuma mlango. Basi. Sasa za dukani zimezibwa kiwandani moja kwa moja. Ikichoka, unatupa. Unaagiza nyingine Dar, unangoja, na wakati unangoja unategemeza kifuniko kwa gogo. Hapo kwenye gogo ndipo watu wanapovunjwa migongo."

"Na zako?"

"Zangu zinafunguka." Klara aliinamia meza, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikapata joto. "Mfuniko wa kuzungusha chini. Sili mbili za mpira za kununua duka lolote la vipuri. Juu, valvu ya tairi la lori. Sili ikichoka, unabadili. Gesi ikipungua, unaongeza. Naitrojeni hiyohiyo wanayojaza matairi. Hakuna kitu ndani usichoweza kukipata Soni au Mombo. Mtu yeyote mwenye akili timamu anaifungua na kuifunga mwenyewe."

"Na gesi ikitoka yote kwa mkupuo? Kichwa cha mtu kikiwa ndani?"

"Nililifikiria hilo kabla yako, afande. Bomba limejaa oili. Pistoni ina tundu dogo, upana wa sindano ya magunia. Gesi ikiisha, kifuniko kinataka kushuka, lakini lazima kwanza oili ipenye kwenye lile tundu. Kinashuka kama bibi kizee anayekaa kwenye kigoda. Rubeni angetoka, angenawa, angekuja Soni kunitukana."

Aliitazama grisi kwenye kucha zake. Alikuwa amemfundisha kijana yule namna ya kupima gesi, alisema kwa sauti ya chini, na alikuwa mwepesi wa kuelewa.

"Kuna springi ya akiba karakanani, rafu ya kulia," aliendelea. "Na fremu ya majaribio. Usiniamini mimi. Ijaribu. Mama yangu ana ufunguo."

Mwamvita alisimama. "Nikiijaribu ikaanguka?"

"Nitakubali kosa mwenyewe. Hutahitaji kunihoji tena."

Mwamvita alishuka Soni na gari la kituo. Karakana ya Klara ilikuwa nyuma ya soko, ambako wapakiaji walikuwa wanarusha magunia ya kabichi kwenye lori huku wakitupiana matani. Matani yalikatika alipopita. Mlango wa pili kutoka pale ulikuwa wa Rama, fundi anayeuza shokapu kuukuu za magari, na Rama alikuwa mtu ambaye Mwamvita alitaka kuongea naye tangu jana. Watu wawili walimwona kiwandani wiki iliyopita, akizungukazunguka lile pipa.

"Rama, njoo hapa. Nina kazi ya fundi."

"Afande, mimi na ile kesi—"

"Sijataja kesi. Njoo na mikono yako miwili."

Walifunga springi ya akiba kwenye fremu, boriti ya chuma ikalala juu yake na magunia ya mchanga juu ya boriti. Rama alifanya kazi vizuri, ingawa alikuwa anatoka jasho katika hewa iliyomfanya Mwamvita atetemeke. Springi iliubeba mzigo bila kunung'unika.

"Sasa chomoa sindano ya valvu. Toa gesi yote."

"Yote? Mchanga utatuangukia."

"Sogea pembeni, kisha chomoa."

Gesi ilitoka kwa mlio uliowafanya wapakiaji wa kabichi wachungulie mlangoni. Boriti ikaanza kushuka. Ilishuka taratibu, bila kushtuka, bila kuruka. Mwamvita alipata muda wa kutoa pipi mfukoni, kuifungua, kuitia mdomoni na kulikunja karatasi lake vizuri, na boriti ilikuwa bado haijafika chini. Alisema warudie. Walirudia mpaka Rama akachoka kujaza gesi, na kila mara boriti ilikaa chini kwa adabu ileile.

Klara hakudanganya. Basi kilichokuwa ndani ya zile springi za kiwandani hakikuwa kile alichokiweka yeye.

"Umeona?" alisema Mwamvita.

"Nimeona," alisema Rama, akijifuta uso. Kisha, kwa uchungu wa mshindani anayelazimika kusema kweli: "Yule dada ni fundi."

"Ndiyo maana ulikwenda kiwandani kuziangalia?"

Rama alikula kona mara mbili. Kwanza alisema alikwenda kumsalimia ndugu. Halafu alisema alikwenda kuuza shokapu. Mwamvita alimwacha amalize, akaingia dukani kwake bila kuombwa, akavuta turubai lililokuwa pembeni. Chini yake kulikuwa na springi ya Klara, imefunguliwa, imelala vipande vipande.

"Nimeinunua!" alipiga kelele Rama. "Kwa seremala wa Mombo, muulize. Nilitaka kuiga. Kuiga si jinai, afande, nchi nzima inaiga."

Mwamvita alikuwa ameinama anaangalia mfuniko wa kuzungusha. Klara alikuwa ametoboa matundu mawili kwenye uso wa mfuniko, ya kuingiza spana maalumu yenye meno mawili, lakini Rama hakuwa na spana hiyo. Alikuwa ameung'ang'ania kwa spana ya mabomba, na chuma kizima kilikuwa kimetafunwa.

Mwamvita alizikumbuka zile springi mbili zilizo stoo ya vielelezo Lushoto. Klara ana kawaida moja: akishafunga mfuniko, anachora mstari mwekundu wa rangi kutoka kwenye mfuniko hadi kwenye bomba. Mistari ile kwenye springi za kiwandani ilikuwa haikutani tena. Zilikuwa zimefunguliwa baada ya kutoka kwa Klara, zote mbili. Jana usiku jambo hilo lilimfanya amfikirie Rama. Lakini mifuniko ya zile za kiwandani ilikuwa safi, bila mkwaruzo hata mmoja. Aliyezifungua alikuwa na spana yenyewe, na alikuwa na nafasi, na hakuwa na sababu ya kuogopa kuonekana.

"Ile spana ya meno mawili," alisema. "Nani anayo?"

"Klara mwenyewe. Na kila anayenunua anapewa moja."

"Ya kiwandani iko wapi?"

Rama alishangaa kuulizwa kitu rahisi namna hiyo. "Si anayo yule mghosi, mzee Emanueli. Inaning'inia kwenye shada la funguo zake. Niliomba niiazime, akanifukuza kama mbwa. Hampi mtu, hata mwanawe."

Mwamvita alitoka nje akasimama sokoni. Kwa kweli hakulipenda jibu lile. Alikuwa amemwona mzee Emanueli jana akijaribu kukinyanyua kile kifuniko peke yake, na ilibidi watu wamshike. Lakini jibu likishasikika haliwezi kurudishwa, na barabara ya kupanda Lushoto ilikuwa ndefu ya kutosha kumwacha alizungushe kichwani kila upande. Baba hawezi kumtegea mwanawe. Basi alizifungua kwa sababu gani? Na akaweka nini?

Stoo ya vielelezo ilisimamiwa na Konstebo Sesilia, mwanamke aliyeweka vitu kwa mpangilio mkali kiasi kwamba hata bangi iliyokamatwa ilikuwa inakaa kwa ukubwa wa misokoto. Springi mbili zilikuwa ndani ya mifuko ya plastiki, imefungwa na kutiwa lakiri na Mwamvita mwenyewe kiwandani. Alipozitoa kiwandani zilikuwa zimelowa nje, na chini ya pipa kulikuwa na dimbwi. Jana aliinama akalinusa lile dimbwi, hakupata chochote. Kiwanda kile kinanuka mkaratusi tangu getini. Ukikaa kidogo, pua inakata tamaa na kuacha kunusa.

Alikata lakiri ya mfuko wa kwanza.

Sesilia, aliyekuwa upande wa pili wa meza, aliinua kichwa. "Pole, afande. Una mafua?"

"Nani kakwambia nina mafua?"

"Umejipaka dawa ya kifua. Chumba kizima kinanuka."

Mwamvita alibaki ameshika mkasi. Nguo alizovaa jana kiwandani zilikuwa kwenye beseni nyumbani. Aliuleta mfuko puani. Harufu ilimpanda mpaka machoni, kali na ya baridi, ileile ambayo kila nyumba ya milimani inampaka mtoto anayekohoa.

"Sesilia," alisema, "lete gazeti utandike hapa. Na uvae glavu."

Alikuwa amekuja na spana ya meno mawili kutoka karakana ya Klara. Mfuniko ulizunguka bila ubishi, kwa mkono wa mwanamke mmoja, hivyohivyo kama Klara alivyotaka. Ndani kulitoka matone tu. Hayakuwa mazito wala ya rangi ya oili. Yalikuwa meupe, mepesi kama maji, na Sesilia alirudi nyuma akifuta macho. Springi ya pili ilikuwa vivyo hivyo.

Kisha zikaja sili. Mwamvita alizitoa kwa kibanio akaziweka juu ya gazeti, pembeni ya sili mpya alizochukua karakanani. Zilitakiwa kuwa sawa. Zile za kiwandani zilikuwa zimevimba, zimelegea, na moja ilikuwa imechanika katikati. Alijaribu kuirudisha nyingine kwenye mfereji wake ndani ya mfuniko, haikuingia tena.

"Imefanywa nini hii?" aliuliza Sesilia.

"Nataka kuona kwa macho yangu kabla sijasema."

Alimtuma Sesilia duka la dawa lililo ng'ambo ya barabara akanunue chupa ya mafuta ya mkaratusi, naye akaomba oili kwa dereva wa kituo. Walichukua glasi mbili za chai. Katika moja waliweka sili mpya na oili, katika nyingine sili mpya na mafuta ya mkaratusi, wakazifunika kwa visahani na kuziweka dirishani.

Mkuu wake alipita akielekea nyumbani, akasimama.

"Mwamvita, unapika nini?"

"Kesi, afande."

"Kesi imeshaiva. Mtu mmoja amekufa, mtu mmoja ametengeneza chuma kilichomuua. Kesho saa tatu."

"Chuma kile kimefunguliwa na mtu mwingine. Nipe mpaka asubuhi."

"Asubuhi unayo. Saa tatu siwezi kuisogeza." Alizitazama glasi, akazitazama tena. "Na vyombo hivyo vioshwe. Mimi ni mnywaji wa chai."

Asubuhi Mwamvita alifika kabla ya ukungu kuachia paa za mji. Aliinua kisahani cha kwanza. Sili iliyolala kwenye oili ilikuwa imara kama ilivyotoka dukani. Aliinua cha pili. Sili iliyolala kwenye mkaratusi ilikuwa imekua, imelainika, na alipoivuta kwa vidole viwili ilikatika kama kipande cha ugali.

Sasa aliona jambo zima lilivyokwenda. Mafuta mepesi yalitafuna mpira polepole, siku baada ya siku, na nje hakuna aliyeona kitu. Sili ya springi moja ilipopasuka, mzigo wote ulihamia kwa mwenzake, ambaye naye alikuwa ameshaoza ndani. Mafuta yakamwagika karibu yote kwa mara moja, na hata yale yaliyobaki hayakuwa na uzito wa kukizuia kifuniko. Tundu la Klara halikuwa na kitu cha kukawiza.

Aliifunga sili iliyochanika pamoja na mpya moja ndani ya mfuko mdogo, akachukua gari. Angeweza kuacha mpaka baada ya mazishi. Angependa sana kuacha. Lakini saa ileile ambayo jeneza lingeshushwa, mwanamke asiye na kosa angekuwa anasomewa shtaka, na shtaka likishasomwa, karakana ile ingefungwa na jina lake lisingesafishika Soni maisha yake yote.

Nyumba ya mzee Emanueli ilikuwa ubavuni mwa kilima, migomba ikiizunguka. Kwaya ya usharika ilikuwa imekaa upande mmoja wa ua, imevaa makoti juu ya majoho, ikiimba kwa sauti ya chini. Wanawake walikuwa jikoni. Jeneza lilikuwa sebuleni, na mjane kijana alikuwa ameketi chini pembeni yake, mkono wake juu ya mbao. Mwamvita alivua viatu, akaingia, akatoa pole, akatoka. Kisha akamwomba mzee wazungumze faraghani.

Walikwenda nyuma ya nyumba, penye kuni. Mzee Emanueli alikuwa mrefu, mkavu, amevaa suti ya kanisani, na shada la funguo lilikuwa bado linaning'inia kiunoni mwake. Pengine hata hakujua amelivaa.

"Umekuja kuniambia amefungwa?" aliuliza.

"Nimekuja kukuuliza swali, mzee wangu. Na naomba unisamehe kwamba nakuuliza leo."

"Uliza."

"Zile springi. Ulizifungua lini?"

Hakushtuka. Hilo ndilo lililomwumiza Mwamvita: mzee hakuona cha kushtukia.

"Mwezi uliopita, baridi ilipoanza. Asubuhi kifuniko kilikuwa kizito kupanda, kinagoma. Klara mwenyewe alinionyesha kufungua. Alisema ukiona hivyo, badili oili."

"Alisema uweke oili gani?"

"Ya haidroliki. Nilisikia vizuri." Mzee alikunja uso, kama mtu anayemweleza mgeni jambo ambalo kila mwenyeji analijua. "Lakini yeye ni fundi wa vyuma, hajui mafuta. Zile springi zinakaa juu ya pipa. Oili ya gari ikidondoka tone moja tu mle ndani, mafuta yote yananuka dizeli. Unamwaga kazi ya wiki nzima. Miaka yote nimekaa pale, sijawahi kutoa mafuta machafu. Kwa hiyo niliosha mabomba vizuri, nikaweka ya kwetu. Hata yakidondoka, yanadondokea nyumbani."

"Mafuta ya mkaratusi."

"Ndiyo. Na springi zikawa nyepesi kuliko siku zilipokuja. Rubeni alicheka. Aliniambia, 'Baba, sasa kinapaa chenyewe.'"

Alikuwa karibu kutabasamu. Upande wa pili wa nyumba kwaya ilimaliza ubeti, ikaanza mwingine. Mwamvita hakuwa na maneno ya kuzunguka nayo, na alimheshimu mno mzee huyu hata asithubutu kumzungusha. Alifungua mfuko mdogo, akazitoa sili mbili.

"Hii ilikuwa ndani ya springi ya kushoto. Mpya yake ni hii. Jana jioni niliitia sili mpya nyingine ndani ya mafuta ya mkaratusi. Asubuhi ilikuwa imekuwa hivi."

Mzee Emanueli alivipokea vipande vile viwili vya mpira kiganjani. Aliviangalia. Aliubonyeza ule uliovimba kwa kidole gumba, nao ukafumuka. Kisha aliuinua puani, taratibu, na hapa penye harufu ya moshi na udongo mbichi, mbali na kiwanda, pua yake ilifanya kazi.

"Ni mafuta ya kwanza kutoka," alisema. "Yale yanayotoka pipa linapoanza kuchemka. Ndiyo makali kuliko yote. Ndiyo bora." Sauti yake ilikuwa inakwenda mbali. "Nilichagua yaliyo bora."

"Hukujua, mzee."

"Nilimwona akiinama. Nilikuwa nimesimama pale, nikamwambia aharakishe kukokoa, moto unapotea."

Alitaka kukaa juu ya kuni, akakosea, na Mwamvita akamdaka mkono. Walibaki hivyo. Mwamvita alikuwa amepata alichokitafuta, na hakuna kitu alichotamani kama kukosea.

"Sheria itasema nini?" mzee aliuliza baadaye.

"Nitaandika ilivyokuwa. Kwamba hukukusudia, na kwamba ulikuwa na sababu. Mengine yataamuliwa na wakubwa wangu. Sitakudanganya kwamba hawatakuuliza."

"Sijaulizia mimi. Yule binti yuko wapi?"

"Kituoni. Saa tatu anapelekwa mahakamani. Nikifika na maelezo yako kabla ya hapo, namtoa. Naweza kuyachukua hapahapa, mzee. Huna haja ya kuondoka kwenye msiba wako."

Mzee Emanueli alivuta koti la suti likakaa sawa. Alilifungua shada la funguo kiunoni, akaiondoa spana ya meno mawili, akamkabidhi Mwamvita.

"Nilimtaja mbele ya watu," alisema. "Siwezi kumtaka radhi kwa karatasi."

"Watu wanasubiri kuzika."

"Rubeni atanisubiri mimi baba yake. Yule anasubiri nini kule?"

Alimwita ndugu yake, akamnong'oneza kwa Kishambaa. Ndugu yule alifungua mdomo kubisha, akautazama uso wa mzee, akaufunga. Wakatoka kwa njia ya migombani ili wasipite mbele ya mjane.

Njiani Mwamvita alimwambia dereva aongeze mwendo kwenye kona ambazo siku nyingine angemfokea kwa kuongeza.

Walipoingia kituoni, Klara alikuwa tayari ameshatolewa, amesimama kaunta na askari wawili, anavaa viatu alivyorudishiwa. Mkuu alikuwa mlangoni anatazama saa. Mwamvita alinyanyua mkono mmoja tu, na kwa namna alivyounyanyua, mkuu akaacha kuitazama saa.

Klara aligeuka akamwona mzee Emanueli katika suti yake ya mazishi. Bila shaka alidhani amekuja kumlaani, na hata hivyo hakurudi nyuma. Aliacha kiatu kimoja hakijafungwa, akapiga goti kidogo kama alivyolelewa, macho yameshuka.

"Shikamoo, baba Rubeni."

Mzee Emanueli aliufungua mdomo, lakini lile jibu ambalo amewapa vijana wa Soni kila asubuhi ya uzee wake halikutoka. Alimshika Klara bega akamwinua.

"Usiniamkie, mwanangu," alisema. "Ngoja kwanza nikwambie nilichofanya."